Fundi Aliyetoboa Kioo cha Ndege

Fundi hakuwa mtu wa kupendeka. Nasema hili mapema kwa sababu watu wa Mtaa wa Sikukuu wakimtaja siku hizi hushusha sauti, kama wanaomtaja shehe aliyefariki, na mimi niliyelala ukuta mmoja naye nilipokuwa kijana najua kwamba walimwogopa. Alikuwa na mdomo. Ukimpelekea kazi ukatamka neno haraka, alikurudishia kazi yako mkononi akakuonyesha mlango. Ukisimama nyuma yake kumtazama anavyofanya, aliweka tupa chini, akakunja mikono, akaanza kukutazama wewe mpaka uone haya uondoke. Jina lake alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata barua hazikumjia.

Kazi yake ilikuwa plastiki ngumu ile angavu ambayo mtu asiyeijua huiita kioo, na sisi pia tuliiita kioo. Alitengenezea maduka ya Kariakoo vibao vya majina, herufi akizikata moja moja kwa msumeno mwembamba. Alitengeneza makabati ya sambusa ya kuweka mezani hotelini, na vifuniko vya taa za magari, maana taa mpya hazikuwepo dukani. Zama zenyewe ndizo zilikuwa hizo. Kitu kikivunjika hukuuliza kipya kinauzwa wapi, uliuliza fundi wake anakaa wapi.

Plastiki ile haikunjiki mpaka ipate moto wa kiasi, na Fundi hakuwa na tanuri. Alielewana na mwoka mikate wa mtaa wa pili kwamba mikate ikishatoka, tanuri likiwa bado lina joto, yeye aingize vipande vyake. Ndiyo maana kibao kipya cha duka la vitenge kiliweza kunuka mkate siku nzima. Unga ulipoadimika tanuri lililala baridi, na kazi ya Fundi ikalala nalo. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni kwa mwoka mikate, kichwa amekichomeza ndani.

"Leo mnawasha?"

"Unga hakuna, Fundi."

"Sijauliza unga. Nimeuliza moto."

Kung'arisha aling'arisha kwa dawa ya meno na kipande cha khanga kilichochakaa, akisugua kwa mizunguko midogo mpaka mikwaruzo yote ipotee. Meno yake mwenyewe aliyasugua kwa mkaa. Dawa nzuri, alisema, haipotezwi mdomoni. Mama Mwenye Nyumba, mwanamke wa Kizaramo aliyekuwa akitupangisha vyumba na kutusimanga bure, alipenda kuwaambia wageni, "Vibao vyake vina meno meupe kuliko mwenyewe."

Adui yake mkubwa alikuwa mwizi. Vibao viling'olewa sana miaka ile, kwa kuwa plastiki ilikuwa mali na skrubu ilikuwa mali zaidi. Basi Fundi alibuni namna yake. Alikaza skrubu mpaka mwisho wake, akaongeza kidogo tena, kisha akapitisha tupa juu ya kichwa chake mpaka ule mfuo wa kuingizia bisibisi ukafutika kabisa. Hakuna bisibisi ambayo ingeifungua tena. "Kitu kilicholegea," alikuwa akisema, "kimeshakuwa cha mtu mwingine." Na alipomfundisha mtu kukaza alisema neno moja tu ambalo mtaa mzima uliligeuza msemo wake, hata akina mama wakifunga mizigo sokoni: "Kaza mpaka ilie." Hakuwa akitania. Aliinamisha sikio karibu na skrubu, akangoja ule mlio mdogo wa chuma kinachokataa kuendelea, ndipo akaridhika. Vipo vibao vyake vinavyoning'inia mpaka leo juu ya maduka yaliyokwisha badili wenyewe mara nyingi. Wanapaka rangi juu yake, kwa sababu kung'oa hawawezi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo wa vibao hakuwahi kupanda ngazi. Aliogopa kimo. Alimlipa mpanda ngazi, yeye akabaki chini ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili, akifokea juu, "Kaza! Bado! Kaza!" huku macho yake yameelekea ukutani. Ndege zilipopita angani watoto wote wa uani walitoka mbio kutazama. Yeye hakuinua uso.

Na kuhusu wezi pia hakueleweka. Jioni moja kijana alikamatwa na betri ya gari, watu wakamzonga, mawe yakaanza. Fundi alipita katikati ya ile halaiki akitukana kila mtu, akamshika yule kijana shati, akamwingiza chumbani kwake na kufunga komeo. Watu walipiga mlango mpaka wakachoka. Asubuhi alimtoa nje. Kijana akauliza kwa aibu kama anaweza kupata hata chai kidogo.

"Nilikuokoa usife," Fundi alimwambia. "Sikusema nitakunywesha chai. Nenda."

Chumba cha tatu upande wa kushoto wa ukumbi alikaa kijana wa Kilimanjaro, Mlutheri, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukunja nguo zake kama za dukani. Alichaguliwa pamoja na wenzake wachache kufundishwa kurusha ndege, kwenye klabu ndogo ya uwanja wa ndege iliyoachwa na Wazungu. Tulianza kumwita Rubani kabla hajagusa usukani, nusu kwa utani, nusu kwa kujivuna. Mama Mwenye Nyumba ndiye aliyejivuna zaidi. Akiwa kwenye foleni ya sabuni alisikika akisema, "Nyie mna wapangaji makuli. Mimi nina rubani."

Ndege yenyewe niliiona baadaye. Ilikuwa ndogo, ya watu wawili, na juu ya viti vyake palikuwa na kifuniko cha plastiki angavu chenye umbo la yai lililokatwa nusu. Unaingia, unakisukuma mbele, kinafunga. Iliundwa kwa ajili ya nchi za baridi, mahali ambapo mtu hulitafuta jua. Hapa jua lilimtafuta mtu mle ndani na kumpata. Rubani alikulia kwenye ukungu na migomba, na joto lile lilimshinda. Alitapika angani, akatapika tena, na mwalimu wake, Mtanzania mwenzetu aliyesomea ng'ambo na asiyekuwa na masihara, akamwambia kwamba akirudia atamwondoa kwenye mafunzo. Mtihani wa kuruka peke yake ulikuwa unakaribia.

Nilikuwapo uani jioni aliyomwendea Fundi. Nilikuwa nafua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni haraka, peleka kwingine."

"Si haraka. Ni joto."

Fundi aliinua kichwa. "Umetoka kwenu ukaja Dar es Salaam kulalamikia joto? Rudi ukaote baridi."

"Mzee, mle ndani ni chungu chenye mfuniko. Jasho linaingia machoni, sioni hata zile saa za vipimo mbele yangu."

"Sasa nifanye nini mimi? Nije nikupepee?"

"Utoboe."

Nakumbuka niliacha kufua.

"Nitoboe ndege," Fundi alisema polepole.

"Kile kioo cha juu. Matundu mawili, huku na huku, yenye vidirisha vya kuzungusha ili upepo uingie. Ndege nyingine zinavyo, nimeviona. Kuagiza haiwezekani, fedha za kigeni hakuna. Mwalimu kasema akipatikana fundi anayekijua kioo hicho, ruksa."

"Ukianguka, mama yako atakuja kunililia hapa."

"Nikishindwa atanililia mimi. Kule kwetu kijiji kizima wameshaanza kuniita Rubani, mzee. Nikirudi hivi hivi wataniitaje?"

Fundi alichukua tupa yake, akaitazama, akairudisha chini. "Njoo kesho unichoree," akasema. "Na usinisimamie nyuma."

Sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa upole kama ile. Kwa bahati unga ulikuwa umefika wiki hiyo na tanuri lilikuwa linawaka. Alilainisha vipande viwili vya mviringo, akavibana juu ya kitako cha bakuli la bati vikawa vibonge vyenye mdomo upande mmoja, kama kobe anayechungulia. Ukigeuza mdomo kuelekea mbele, upepo unaingia. Ukiugeuza nyuma, unazuilika. Chini ya kila kimoja aliweka pete ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, kisigongegonge. Mimi nilikuwa karani wa ghala wakati ule na siku ile sikuwa na zamu, nikamsindikiza nikiwa nimebeba sanduku la vifaa. Tulikwenda uwanja wa ndege nyuma ya gari la mizigo. Njiani alitoa kibonge kimoja mfukoni, akakiinua mbele ya upepo, akaweka kiganja nyuma yake. Upepo ulimpiga kiganjani. Akacheka. Alikigeuza, upepo ukakatika; akakigeuza tena, ukaja. Njia nzima alifanya hivyo, mzee mzima, na mimi nikageuza uso pembeni ili asijue kwamba nimemwona.

Kutoboa alitoboa kwa keekee ya mkono, ncha yake ameifanya butu makusudi ising'ate, akidondoshea maji kila mara kioo kisipate moto. Kingo za matundu alizipiga msasa mpaka zikawa laini kama mdomo wa kikombe. Hapo hakukosea kitu. Vikabaki vidirisha kufungwa kwa skrubu. Nilimwona akiinamisha sikio kama ilivyo kawaida yake, halafu akaniambia nikamtafutie chai. Chai haikuwa karibu. Niliporudi alikuwa anang'arisha. Palikuwa na sehemu moja aliyoisugua kuliko nyingine zote, akitema mate kwenye khanga, akiongeza dawa ya meno, akisugua tena. Nilidhani ni mapenzi ya kazi.

Rubani alikuja, akaketi, akafunga, akawasha injini. Tulimwona mle ndani akigeuza vile vidirisha huku na huku, nywele zake zikicheza. Alipotoka alimkumbatia Fundi, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu angethubutu kulifanya.

"Mzee, ni kama nyumbani! Ni kama asubuhi ya nyumbani!"

"Haya, niache," Fundi alisema. "Na ukiiosha usisugue sugue pale."

Mtihani ulikuwa kesho yake. Alipaa vizuri, walisema, akazunguka vizuri, na alipokuwa anarudi kuelekea uwanjani kioo kilipasuka kikamrudia usoni. Aliitua ndege. Mwalimu wake, yule asiyekuwa na masihara, alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kueleza, akaketi kwenye baraza akalia mbele ya watoto. Alisema hajawahi kuona mtu akitua namna ile, damu tupu, kwa jicho moja lililokuwa linazimika. Hospitali hawakuliwahi hata hilo moja.

Taarifa ya kwanza ililetwa na kijana wa klabu aliyekuja kwa baiskeli. Fundi alikuwa uani anapiga tupa. Sisi wote tulipiga kelele. Yeye aliuliza swali moja.

"Kimepasukia wapi?"

"Nani ajuaye, mzee? Kimepasuka chote."

Aliendelea kukaa palepale, tupa mkononi, mpaka Mama Mwenye Nyumba akaja kumwinua.

Lawama ilimwangukia kunguru. Kunguru walikuwa wengi uwanjani kama walivyo wengi kila mahali mjini, na mmoja alikutwa amekufa majanini kando ya njia ya kurukia. Hilo lilitosha. Dar es Salaam kunguru anashitakiwa kwa lolote na watu wanaamini, kwa kuwa kweli huiba sabuni kwenye beseni na nyama kwenye sufuria. Mama Mwenye Nyumba aliwalaani hadharani. Watoto wa mtaa waliwapiga kwa manati miezi mingi kwa jina la Rubani. Fundi hakusema neno, na ukimya haukuwa jambo geni kwake, kwa hiyo hakuna aliyeusikia.

Baada ya hapo ndipo alipokuwa yule mtu ambaye mtaa unamsifu.

Rubani alipotoka hospitali, kaka yake, mwenye duka la jumla palepale Kariakoo, alikuja kumchukua ampeleke kwao. Fundi alisimama mlangoni. "Huku ana mtu," alisema. Kaka akauliza ni mtu gani. "Mimi." Rubani mwenyewe alisema atabaki, nadhani hakuwa tayari kuongozwa kwa mkono mbele ya kijiji kilichomwita Rubani. Basi akabaki, na Fundi akamshika mkono.

Alimshika kweli. Kila asubuhi waliondoka pamoja, kipofu mrefu na mzee mfupi, na Fundi alimsomea barabara kwa sauti yake ileile ya kufoka: "Ngazi. Tope. Mama mwenye kapu, mpishe." Jumapili alimpeleka kanisani kule mjini karibu na bandari, akamkabidhi kwa wazee wa kanisa, yeye akakaa nje kwenye ukingo wa barabara mpaka ibada iishe, kwani hakuwa mtu wa ibada. Mezani alimtolea miba ya samaki kwa vidole. Alimtafutia mtu wa kumfundisha kusuka vitanda vya kamba, na vidole vya Rubani, vilivyokuwa vimefundishwa vitu vingine, vikaweza. Plastiki Fundi hakuigusa tena. Alitengeneza vibatari vya makopo. Wenye maduka walikuja kumbembeleza kwa vibao, akawaambia kioo kimekwisha mjini, ilhali vipande vimejaa chini ya kitanda chake.

Kitu kimoja hakukivumilia: kusifiwa. Mama Mwenye Nyumba alimwambia siku moja mbele yetu, kwa moyo safi, "Fundi, wewe pepo yako iko mlangoni, unaingia tu."

"Nyamaza, mama."

"Nasema kweli. Hata mtoto wa kumzaa hafanyiwi hivi."

Alipiga teke ndoo ya maji ya yule mama ikamwagika uani kote, maji ya kuchotwa foleni, akaingia chumbani akajifungia. Tulisema ni uzee. Rubani, aliyekuwa ameketi akisuka, alitabasamu kuelekea mahali mlango ulipobamizwa. "Muacheni," alisema. "Anapenda kwa siri. Akiambiwa anaona haya."

Miguu yangu haikutulia miaka hiyo. Niliacha ghala, nikaenda kwenye mkonge Tanga, nikaenda Mwanza, nikakaa Mbeya mpaka baridi ikanifukuza. Kila niliporudi nilitafuta chumba Mtaa wa Sikukuu hata kwa wiki chache, na kila niliporudi niliwakuta wawili wale, mmoja amezidi kupinda, mwingine ameanza mvi. Nilipokuwa mbali nikikumbuka mji, niliwakumbuka wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilijiambia kwamba mji wenye watu kama wale hauwezi kuharibika.

Mara ya mwisho nilitokea Mtwara. Ilikuwa miaka ile migumu kabisa, ya unga wa njano na sabuni ya kipande kimoja kwa familia. Nilimkuta Fundi peke yake barazani. Ilikuwa Jumapili asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtembezi umerudi." Alinitazama viatu. "Unakaa au unapita?"

"Napita. Kesho kutwa naondoka."

"Vizuri. Kaa hapa."

Nilikaa. Nikamwuliza Rubani yuko wapi, akasema anavaa. Halafu, bila kubadili sauti, akaniambia habari ya ile skrubu.

Alisema ilikuwa ya mwisho. Aliikaza kama alivyozikaza skrubu zote maishani mwake, sikio chini, akasubiri ilie. Ikalia, lakini mlio haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa kioo. Aliangalia akaona ufa umetoka kwenye tundu la skrubu, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Ukutani Kariakoo kibao kimetulia, hakuna kinachokitikisa ila mwizi, na yeye alikifunga kile kioo dhidi ya mwizi. Hakuna mwizi angani. Kule kuna mtikisiko na jua, na plastiki ikipata jua hutanuka, inataka nafasi ya kupumua, aliinyima. Alikuwa na gundi yake ya chembe za plastiki zilizoyeyushwa. Aliupaka ule ufa, akaungoja ukauke, akaung'arisha mpaka yeye mwenyewe asiuone.

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Ningesema, ndege isingeruka kesho yake. Mtihani ungempita kijana."

"Ndiyo sababu?"

"Ndiyo niliyojiambia. Ya pili ni kwamba wangesema Fundi amepasua kioo."

Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema, "Wewe unaondoka." Kisha akasema kwamba Rubani naye alishamwambia yeye mwenyewe, siku chache zilizopita, uani, wakati Rubani anasuka. Hakuwa amepanga. Alikuwa anamtolea miba ya samaki, na Rubani akasema, kama alivyokuwa akisema mara kwa mara, kwamba Mungu alimtuma kunguru akamchukulia macho, akamtuma Fundi kuwa fidia. Fundi akashindwa kuvumilia hesabu hiyo. Akamwambia, "Hakukuwa na kunguru. Ni mimi."

"Akasemaje?"

"Alisema alisikia mabawa. Nikamwambia hukusikia mabawa, ulisikia kioo. Akaniomba nieleze. Nikaeleza kama nilivyokueleza. Akaendelea kusuka mpaka kamba ikamwishia mkononi." Fundi alijifuta pua kwa kiganja. "Halafu akaniuliza, 'Kwa hiyo kunipeleka kanisani, na samaki, na miaka yote hii, mzee, ulikuwa unalipa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Jibu nilikuwa nalo." Akatazama barabarani. "Lakini mtu aliyeficha ufa, akisema neno zuri, nani atalipokea?"

"Hukumjibu."

"Alisema ni bora ningemwachia kunguru wake."

Mlango wa chumba cha tatu ulifunguliwa. Rubani alitoka amevaa shati jeupe na tai, Biblia kwapani, kiganja kikipapasa ukuta wa ukumbi. Nilimwamkia, akaitambua sauti yangu palepale, akafurahi, akaniuliza habari za Mtwara na kama kule sabuni ipo. Alinishika mkono kwa nguvu. Kati yetu Fundi alikuwa ameketi karibu kiasi cha kuguswa na ncha ya tai yake, na Rubani akaongea juu ya kichwa chake kama anavyoongea mtu juu ya gogo. Kisha akashuka barazani kwa kuhesabu kwa mguu, akageukia kushoto, akaanza kutembea akishikilia kuta za nyumba.

Fundi aliinuka akamfuata nyuma, hatua chache. Nami nikafuata.

"Mtaro," Fundi alisema.

Rubani hakugeuza kichwa, lakini mguu wake ulipanda, ukavuka mtaro, ukatua ng'ambo.

"Baiskeli, kulia."

Akaegemea ukutani, baiskeli ikapita. Tulikwenda hivyo mtaa mzima. Watu walimsalimia Fundi kwa heshima, wengine wakanong'ona kwamba wamegombana, lakini mzee hamwachi, mnaona? Huyo ndiye mtu.

Tulipofika Msimbazi kuta ziliisha. Rubani alisimama ukingoni mwa barabara, mkono mtupu umeshika hewa, akaushusha. Magari yalikuwa yanapita, malori ya sokoni na mabasi, vumbi na honi. Fundi alisimama nyuma yake, hakumgusa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Barabara ikawa wazi kabisa.

"Zimepita," alisema. "Vuka."

Rubani hakutikisika.

"Hakuna gari, mwanangu. Vuka."

Akabaki amesimama, kidevu kimeinuka kidogo, akisikiliza. Magari mengine yalikuja, yakapita. Nilifungua mdomo nimwambie mimi, Fundi akanishika mkono akaubana. Ndipo akaja mwanamke mmoja, mgeni kwetu sote, ana fungu la mchicha kichwani, akamwona yule kipofu amevaa tai peke yake kwenye ukingo wa barabara.

"Ndugu," alimwambia, "vuka, magari yamepita."

"Asante, dada," Rubani alisema, akavuka.

Fundi alingoja lori moja na basi moja vipite, kisha naye akavuka, akabaki nyuma yake.